Mpe mjukuu mtetea wake

Treni ya umeme ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, mazungumzo yalikuwa ya watumishi wa Serikali, wabunge na wafanyabiashara. Wajukuu hakuna aliyewataja, na huenda wao ndio waliofaidi kuliko wote. Safari iliyokuwa inakula kutwa nzima kwa basi, mtoto akianza kutapika hata Gairo hajafika, sasa inachukua takriban saa nne. Shule zikifungwa Juni au Desemba, mtoto wa Tabata anakunywa chai kwao asubuhi, na alasiri yuko Mkonze, Nzuguni au Chamwino, uani kwa bibi, anamkimbiza kuku.

Mwulize akirudi ameona nini Dodoma. Hatakutajia jengo la Bunge, wala Mji wa Serikali wa Mtumba, wala vile vilima vya mawe wanavyovipenda wapiga picha. Atakueleza habari za kuku: jogoo mkali anayewavizia watu njia ya chooni, kuku asiye na manyoya shingoni, vifaranga waliokuwa kumi wakabaki saba. Wazazi huyachukulia haya kuwa michezo ya likizo tu. Mimi naona ndiyo sehemu ya likizo yenye uzito kuliko zote, ila mara nyingi tunaiacha ipite bure.

Dodoma ni jiji lenye nyua. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulifanywa na TANU mwaka 1973, lakini wizara zilianza kuhama kweli mwaka 2016, na hadhi ya jiji ikaja Aprili 26, 2018. Jiji limekua haraka, ila limekua kwa upana. Nyuma ya nyumba ya bati la rangi na ukuta mrefu utakuta karo la kufulia, kamba ya nguo, mwarobaini mmoja, na banda la kuku lililoinuliwa juu ya nguzo. Mtumishi aliyehamishwa kutoka Dar es Salaam akamaliza kujenga Ilazo au Iyumbu, alimwita mama yake kutoka kijijini aje akae naye. Kina mama hao hawakuja mikono mitupu. Walishuka stendi na tenga.

Wenyeji, Wagogo, wala hawakuhitaji kushawishiwa. Nyumba yao ya jadi, tembe, ile ya paa bapa la udongo inayozunguka zizi la ng'ombe, ilikuwa na nafasi ya kuku kama ilivyokuwa na nafasi ya watu. Na ukishika barabara ya magharibi unaingia Singida, mkoa ambao kuku wake wa kienyeji wana jina nchi nzima. Wachuuzi wa baiskeli huwazungukia wafugaji kijiji kwa kijiji, wakikusanya mmoja hapa, wawili pale, hadi matenga yajae na kupandishwa gari la Dar es Salaam. Kwa miaka mingi kuku wa uwanda huu wamekuwa wakisafiri kwenda Pwani. Siku hizi wajukuu wanawafuata huku walikotoka.

Mgeni amefika

Hakuna mashindano ya mbio yanayofikia ujio wa mgeni. Akishapewa kiti chini ya mti na maji ya kunywa, bibi anazunguka nyuma ya nyumba, anawaita wajukuu pembeni na kuwaonyesha kwa kidevu yule jogoo mwekundu. Hasemi kwa sauti, maana si adabu mgeni asikie kwamba chakula chake bado kina miguu. Kinachofuata ni vumbi.

Hapo ndipo mtoto wa mjini anapojulikana. Yeye humfuata kuku moja kwa moja, mikono mbele, nguvu zote miguuni, naye jogoo anamwacha afike karibu kabisa kisha anakata kona. Mwenzake aliyekulia Bahi au Mvumi hakimbii. Anaziba upenyo kati ya banda na ukuta, anamtuma mdogo wake amfukuze kuku kuja upande ule, yeye anachuchumaa anangoja. Baada ya kuanguka na kuchubuka magoti mtoto wa mjini anaelewa kwamba kukamata kuku ni kazi ya kichwa kabla ya kuwa ya miguu. Kuku ana kasi lakini hana pumzi. Ukimnyima kivuli na mahali pa kusimama, baada ya muda ataachama mdomo na kukubali yaishe.

Bibi mwenyewe angeweza kuyamaliza yote hayo kwa kiganja kimoja cha mtama. Au angemtoa jogoo juu ya fito usiku, wakati kuku haoni na hana ubishi, akamfunika kwa tenga hadi asubuhi. Lakini mgeni hatoi taarifa siku zote. Na isitoshe, mtazame bibi mwenyewe: amekaa kizingitini, khanga mdomoni, anacheka hadi machozi. Zile mbio anazihitaji yeye kuliko watoto.

Chungu kikishaiva kuna itifaki. Firigisi ni ya mkubwa wa nyumba. Miguu, shingo na kichwa hushuka kwa watoto. Babu anayeikata firigisi yake na kumdondoshea mjukuu kipande juu ya ugali ametoa heshima ambayo mtoto ataisimulia akiwa mtu mzima. Nimeshuhudia watoto wakinuniana kutwa kwa kipande kisichozidi ukucha wa kidole gumba, na sikuwalaumu.

Shida huanza pale jogoo anapokuwa na jina.

Uani kwa mama mkwe wangu, Mkonze, watoto wakishuka tu wanaanza kubatiza. Mwekundu anaitwa Simba. Mwenye manyoya ya kimanjano anaitwa Yanga, na asubuhi nzima inaweza kuisha watu wakisubiri hao wawili wapigane ili ijulikane nani kachukua pointi tatu. Kuku jike mzee anayewadonoa wenzake wanaochelewa kuingia bandani anaitwa Mwalimu. Yule wa shingo tupu, ambaye watu wazima humwita kishingo, aliitwa Mgonjwa, mpaka watoto walipoelezwa kwamba hana ugonjwa wowote, amezaliwa hivyo, na kwamba kwenye joto la Oktoba yeye ndiye anayepumua vizuri kuliko wote kwa sababu shingo yake inapata upepo. Bibi yao hana jina hata la kuku mmoja. Kwake kuna "yule wa madoa" na "yule niliyepewa na dada". Mtu aliyewahi kuishi na njaa hampi jina mnyama anayetarajia kumla.

Siku Simba alipoingia chunguni, mjukuu wa miaka sita aligoma kula. Baba yake akataka kumwambia kwamba Simba amekwenda kwa shangazi Kondoa. Mama mkwe akamkatiza: "Usimdanganye mtoto. Kesho atakuuliza nauli kalipa nani." Kisha akamgeukia binti: "Njoo hapa, mke mwenzangu. Yule tumemla kwa sababu mgeni wetu katoka mbali. Sasa chagua mmoja awe wako. Huyo hataguswa mpaka useme mwenyewe." Mtoto akamchagua mtetea wa madoa. Ugali wake aliumaliza, mchuzi hakuugusa.

Nawajua wazazi wanaoona ukweli wa namna hiyo ni mkali mno kwa mtoto. Hao hao humnunulia mtoto kuku wa kukaanga kila Jumamosi, na mtoto hajui kama kile kipande kiliwahi kupumua. Mimi niko upande wa bibi.

Mali ya kwanza

Kumpa mjukuu kuku jike ni desturi ya zamani ya bara, na si ya kabila moja. Anafungwa kitambaa mguuni, na kitambaa hicho ndicho hati ya umiliki. Atakachoangua ni cha mtoto. Akiuzwa jogoo mmoja wa uzao wake, fedha ni za mtoto. Wakifika wa kutosha, wanabadilishwa kwa mbuzi, na mbuzi wakizaa, wenye bahati hufika kwenye ndama. Katika uwanda wa kati, kuku ndiye mlango wa zizi.

Sababu iko angani. Dodoma iko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, na mvua yake ya mwaka haizidi sana milimita 550 au 600, karibu yote ikinyesha kati ya Desemba na Aprili. Mwaka mwingine inakuja, mwingine inachungulia na kuondoka. Wazee wa Ugogo walisimuliwa na wazazi wao habari za Mtunya, njaa kubwa iliyoanza 1917 baada ya majeshi ya Wajerumani na Waingereza kupita na kuzoa nafaka na mifugo. Na Waingereza walipokuja kulima karanga Kongwa kwa matrekta kuanzia 1947, wakiwa na mamilioni ya pauni na ramani nzuri, ardhi ngumu na ukame viliwashinda, na mwaka 1951 mradi ukafungwa. Kuku wa Kongwa walikuwapo kabla ya mradi ule na walikuwapo ulipofungwa. Nalitaja hili kidogo kwa furaha.

Kuku halimwi, hasubiri mvua ndefu, na anauzika siku yoyote: siku ya daftari, siku ya dawa, siku ya msiba. Jogoo aliyekomaa mjini Dodoma si ajabu kuvuka shilingi 20,000 sikukuu zinapokaribia. Ndiyo maana mtoto mwenye mtetea amepewa akaunti ya akiba kabla hajajua benki ni nini.

Na hesabu anajifunza, ila si zile za shuleni. Binti yetu wa miaka sita alisikia kwamba kuku wa kienyeji hutaga mayai kati ya 10 na 15 kwa mkupuo, huyaatamia siku 21, na kwa mwaka anaweza kurudia mara tatu au nne. Kaka yake akamkokotolea kwa kijiti mchangani: 12 mara tatu ni 36, nusu yao majike, nao wakitaga... Kabla Krismasi haijafika walikuwa wamenunua baiskeli. Bibi akawatazama, akatoa msemo unaojulikana na kila mfugaji: kuku wa maskini hatagi, akitaga haangui, akiangua mwewe huchukua.

Akaangua kumi. Mayai mawili yalikuwa viza. Mmoja alikanyagwa na mama yake usiku wa kwanza. Mwewe akachukua mmoja saa nne asubuhi, mbele ya watoto wanne waliokuwa wakilinda kwa makopo na mafimbo. Kuna wanaowapaka vifaranga rangi ya waridi au zambarau kumchanganya mwewe, na wengine hufunga tu mama na watoto chini ya tenga hadi wakomae kidogo. Bibi ni wa kundi la tenga, tangu siku hiyo. Kicheche naye alipitia upande wa nyuma ambako mbao ilikuwa imelegea. Kutoa ni somo gumu kuliko kuzidisha, na hakuna mwalimu anayelifundisha vizuri kama hao wawili.

Kuna jambo moja watu wazima tunalikosea. Wengi tulipewa kuku utotoni, na wengi tuliporudi likizo iliyofuata tulikuta kuku wetu waliliwa na wajomba, bila taarifa wala fidia. Ukimpa mtoto mtetea, ni wake. Ukibanwa ukalazimika kumuuza, mpigie simu mwenyewe. Na fedha aione inanunua kitu anachokijua. Mjukuu wa Mkonze sasa hupiga simu kutoka Dar es Salaam kila Jumapili, na salamu zake ni fupi: "Shikamoo bibi. Mtetea wangu anataga?" Mengine ya nyumbani anamwachia mama yake aulize.

Daftari

Mwanzoni mwa karne iliyopita kulikuwa na mtoto huko Norwei aliyependa kutazama kuku. Jina lake Thorleif Schjelderup-Ebbe, mzaliwa wa 1894. Alipofika umri wa miaka kumi hivi alikuwa na madaftari yaliyoandikwa nani kamdonoa nani, nani kasogea, nani hakuthubutu kurudisha. Aliona kwamba kundi la kuku lina ngazi: wa juu huwadonoa wote, wa pili huwadonoa wote isipokuwa wa juu, hadi anafikiwa yule mnyonge anayedonolewa na kila mmoja naye hana wa kumdonoa. Alipokua aliyachapisha hayo, miaka ya 1920, na leo wataalamu wa tabia za wanyama duniani kote, wanaochunguza nyani, mbwa hata binadamu, bado wanatumia wazo lililotoka kwenye ua wa kuku na daftari la mtoto.

Kila nikimkumbuka huyo Mnorwei nawaza ni madaftari mangapi ya namna hiyo yangeweza kuandikwa Dodoma kila Juni. Vitu vya kuandika havikosekani. Mwaga mtama, andika nani anakula kwanza. Msikilize jogoo akipata mdudu: anatoa mlio wa harakaharaka, anamwinua na kumdondosha mbele ya majike, na mara nyingine anaita hivyo hivyo ilhali hana kitu. Watoto wakigundua kwamba jogoo ni mwongo hufurahi mno. Sikiliza mlio wa hatari nao: mwewe akipita angani hutoka sauti nyembamba ya kuvuta, na vifaranga hutoweka chini ya majani bila kuuliza, paka akinyemelea ardhini hutoka kelele za kukatakata, na kundi zima husimama wima kutazama. Kuku ana habari mbili tofauti, na kila moja ina mlio wake.

Alfajiri, andika nani kawika kwanza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nagoya, Japani, walionyesha mwaka 2013 kwamba jogoo ana saa ndani ya mwili wake, haamshwi na mwanga peke yake. Na miaka miwili baadaye wakaonyesha kwamba majogoo wakikaa pamoja, mkubwa wa cheo ndiye hufungua, wengine hufuata kwa ngazi zao. Mtoto aliyeandika asubuhi kadhaa mfululizo uani kwa bibi anaweza kulithibitisha hilo bila maabara.

Usiku kuna sinema. Bibi anachukua yai moja chini ya kuku anayeatamia, baba anawasha tochi ya simu na kuibana kwenye sehemu nene ya yai. Kuanzia siku ya saba hivi mishipa ya damu inaonekana imetambaa, na kitone cheusi katikati kinacheza. Yai lisilo na mbegu linang'aa tupu. Karibu na siku ya 21, ukiliweka yai sikioni, unasikia kifaranga analia humo ndani, na mama yake anamjibu kwa sauti ya chini. Baada ya hapo bibi akitega kile kitendawili cha nyumba isiyo na mlango, watoto hujibu kwa dharau, wakati kumbe wiki mbili zilizopita hawakujua kuna mtu ndani.

Kazi ya mchana ni mchwa. Chukua kopo au chungu kikuukuu, jaza mabua makavu ya mahindi na samadi kidogo, nyunyiza maji, kigeuze jioni juu ya tundu la mchwa, weka jiwe juu. Asubuhi, kabla jua halijakolea, kung'uta. Vifaranga hupagawa, watoto hali kadhalika. Chakula hicho hakina bei, na pamoja na pumba, mashudu ya alizeti na mabaki ya ugali, kinatosha kumkuza kifaranga wa kienyeji vizuri.

Wataalamu wa mambo ya kale waliotoa taarifa zao mwaka 2022 wanaamini urafiki wa binadamu na kuku ulianzia Asia ya Kusini-Mashariki, kiasi cha miaka 3,500 iliyopita, pale wakulima wa mpunga na nafaka ndogondogo walipofyeka mashamba na ndege wa msituni wakavutwa na punje. Mkataba ulikuwa nafaka. Ugogo, nchi ya mtama na uwele, unaendelea kuutimiza kila asubuhi.

Msimu wa mdondo

Kuna ugonjwa mmoja unaoweza kumaliza yote haya kwa wiki moja. Huku huitwa mdondo, kwingine kideri. Hupenda kuja kiangazi, vumbi likipulizwa na kuku wageni wakiingizwa kutoka mnadani. Asubuhi kuku amejikunyata, kinyesi cha kijani, shingo imepinda. Jioni amelala chini. Keshokutwa uani ni kimya. Mdondo hauna tiba. Mwarobaini, mshubiri na pilipili kichaa kwenye maji ya kunywa vimetumika kwa vizazi, na wazee wanavipenda, lakini havijawahi kuuzuia mdondo ukishaingia.

Kinachozuia ni chanjo, na chanjo ipo, tena imetengenezwa kwa ajili ya mahali kama hapa. Aina ya virusi iitwayo I-2 iliandaliwa katika Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, kwa lengo la kupata chanjo inayovumilia joto na kufika kijiji kisicho na friji. Tanzania hutengeneza yake kupitia Wakala wa Maabara ya Veterinari, TVLA. Kazi yake ni tone moja jichoni. Kifaranga tone moja, jogoo mkubwa tone moja. Hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne, na hupewa kuku wazima tu. Aliyekwisha kuugua hatapona kwa tone hilo.

Ugumu uko kwenye chupa. Chupa moja hutosha kuku wengi kuliko walioko kwenye ua mmoja, na ikishafunguliwa haiwekwi akiba. Mwenye kuku nane anaona ni hasara, anaahirisha, na mdondo hauahirishi. Dawa ya hilo ni majirani: nyumba kumi zichangie chupa moja, wachanje siku moja. Na hapo ndipo wajukuu wanapokuwa jeshi. Kuku wakiwa bado bandani alfajiri, mtoto mmoja anamtoa, mwingine anamshika mabawa, wa tatu anainamisha kichwa, mkubwa anadondosha, kuku akishapepesa jicho anaachiwa nje. Mtoto aliyefanya kazi hiyo mara moja haogopi kuku tena maishani, na nadhani haogopi sindano ya kwake mwenyewe sana.

Sasa niseme la kinyesi, maana makala nyingi za kusifu kuku hulikwepa. Kuku hubeba vimelea vya kuhara. Mtoto anayetambaa huokota kila kitu na kukitia mdomoni. Utafiti wa Ethiopia uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba watoto wa kaya zenye kuku walikuwa warefu zaidi, lakini faida hiyo ilipungua pale kuku walipolazwa ndani ya nyumba ya watu. Hapa kwetu, mradi ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Sydney katika kata za Sanza na Majiri, wilayani Manyoni, uliokwenda sambamba na chanjo ya mdondo vijijini, haukukuta uhusiano wa maana kati ya kuku kulala ndani na urefu wa mtoto au kuhara kwake. Majibu mawili, nchi mbili. Mimi nachukua njia ya mwenye tahadhari: banda nje, mtoto anayetambaa akae kwenye mkeka mbali na kuku, na kila aliyeshika kuku au yai anawe kwa sabuni kabla ya kugusa chakula. Ndoo na sabuni karibu na banda havigharimu kitu cha kutisha.

La mayai ni jepesi kulisema, gumu kulitenda. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Huko Ekwado, watoto waliopewa yai moja kila siku kwa miezi sita, kuanzia umri wa miezi sita hadi tisa, udumavu ulipungua kwa asilimia 47 ukilinganisha na wenzao, kwa mujibu wa taarifa ya 2017. Malawi walipojaribu jambo hilo hilo kando ya ziwa, ambako watoto tayari hula samaki, urefu haukubadilika. Uwanda wa kati hauna ziwa la samaki la kujivunia. Hata hivyo mayai ya uani kwetu yana safari moja tu, kutoka kiotani kwenda dukani, na mtoto anarudishiwa biskuti. Wapo bado wanaoamini mjamzito akila mayai atazaa mtoto asiye na nywele. Bibi wa Mkonze huyacheka hayo, kisha anayauza mayai vilevile. Tumekubaliana naye, baada ya mabishano marefu, kwamba mayai ya mtetea wa madoa ambayo hayaatamiwi yanaliwa na watoto waliopo nyumbani.

Shule zikifungwa Juni, vumbi la kiangazi na mdondo huwa viko njiani pamoja na watoto. Unayemsafirisha mwanao kwenda Dodoma, Singida au Manyoni, mwambie bibi ampe mtetea wake, afungwe kitambaa, na mfungie mtoto daftari tupu kwenye begi. Hela ya chanjo itume wiki moja kabla, na umwombe bibi awaambie majirani siku ya kuchanja.